Mnyororo Uliopungua Vidole Vinne

Kufukuzwa kazi usiyolipwa ni tusi la aina yake. Miaka ishirini na tisa nimesimama pembeni ya uwanja wa Chuo cha Tiller, jua la Septemba likinichoma shingo, upepo wa Nebraska wa Novemba ukinikata masikio, na ujira wangu ulikuwa kofia moja kila mwaka na soseji ndani ya mkate. Sikulalamika hata siku moja. Halafu akaja binti mmoja kutoka ofisi ya mkuu wa chuo, viatu vyake havijui tope, akanikuta karakanani kwangu nikitengeneza pampu ya maji, akaniambia huku anatabasamu kwamba Jumamosi wataleta watu wao wa mnyororo. Eti televisheni ya taifa inataka watu wenye sare. Nikamwuliza, na mnyororo wetu je? Akasema naweza kuuchukua uwe kumbukumbu.

Kumbukumbu! Nilitamani kumrushia spana.

Mpira wetu huku si wa kupiga danadana, ni wa kukumbatia na kukimbia nao. Timu inapewa majaribio manne ya kuusogeza yadi kumi. Ukifika, unapewa mengine manne. Usipofika, wapinzani wanauchukua pale pale ulipokwama. Na yadi hizo kumi hazikadiriwi kwa macho, zinapimwa kwa mnyororo wenye fimbo kila mwisho, na fimbo hizo zinashikwa na watu wa mji, si wa chuo. Fimbo ya nyuma ilikuwa yangu, na kabla yangu ilikuwa ya baba yangu. Fimbo ya mbele alishika rafiki yangu Milo Kratky, muuza mbegu za mahindi, mtu ambaye hajawahi kunyamaza dakika tano mfululizo.

Sasa nikuambie tulivyokuwa, maana watu wa televisheni walilisimulia jambo hili kama hadithi ya watoto. Tulikuwa kichekesho. Tulifungwa mechi thelathini na nne mfululizo. Vyuo vingine vilitualika siku ya sherehe za wahitimu wao, makusudi, ili wazee wao warudi makwao wamefurahi. Tulisafiri saa saba ndani ya basi kwenda kuwa burudani ya arusi ya watu. Nyumbani, mechi ikifika katikati, jukwaani wanabaki wazazi na mbwa.

Ndipo akaja kocha Royce Hadlock. Alikuwa akifundisha mieleka shule ya sekondari, mfupi, masikio yamesagika kwa mieleka hiyo hiyo, na mpira wetu alikuwa hajaufundisha maisha yake yote. Tulimcheka. Kila mwenye akili anajua kwamba majaribio matatu yakishindikana, la nne unaupiga mpira kwa mguu uende mbali, wapinzani waanzie kule kwao. Hadlock akakataa. Alisema sheria inampa majaribio manne, na yeye hamgawii mtu lake la nne. Kwa hiyo tukawa hatupigi. Ikibaki nusu yadi, tunakwenda. Ikibaki yadi mbili, tunakwenda.

Na wa kwenda alikuwa Denny, mtoto wa Milo. Denny Kratky alikuwa mpana mithili ya mlango wa ghala, na tangu ana miaka kumi na mitatu kila kiangazi alifanya kazi kwangu, akinibebea mabomba. Chuo kikubwa hata kimoja hakikumtaka. Walisema ana mwendo wa ng'ombe. Hadlock akamwona, akasema huyo ndiye. Jaribio la nne likifika, uwanja mzima unasimama, Denny anapewa mpira, anainamisha kichwa na kuingia katikati ya watu kumi na mmoja wanaomjua kuwa anakuja. Kisha sisi tunaitwa uwanjani na mnyororo wetu. Unauvuta unakaza, refa anachuchumaa, watu elfu nne wanabana pumzi. Halafu refa ananyoosha mkono kuonyesha tumefika, na Milo, ambaye hatakiwi kuonyesha furaha kwa sababu ana fimbo mkononi, anatazama chini akiuma midomo.

Mwaka wa kwanza tulishinda mechi sita. Wa pili, tisa. Nyumbani hatukufungwa tena. Ugenini tulishinda pia, ila kwa taabu, na huko Hadlock mara nyingine aliupiga mpira jaribio la nne. Watu walisema ni kwa sababu ya kelele za ugenini. Mimi nami nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo mzima, pale kwenye mkahawa wa Dolores.

Mkahawa huo ndio makao yetu asubuhi. Milo alichukua kisu akaanza kuchora alama kwenye mwimo wa mlango wa mbele, alama moja kwa kila jaribio la nne ambalo Denny alilifikisha hapa nyumbani. Dolores alimfokea kwa kumharibia mlango, kisha akaanza kuwaonyesha wageni. Mwaka wa tatu, tulipotajwa nambari moja nchini miongoni mwa vyuo vya daraja letu, alama zilikuwa arobaini na moja. Waandishi walikuja kuzipiga picha. Akaja mmoja kutoka New York, akala supu ya nyama na maharage na mkate wa mdalasini kama tunavyokula sisi, akaandika kwamba tuna ajabu ya chakula. Mji uliokuwa ukilala saa mbili ukawa na foleni ya magari.

Na ndipo, tulipofika nusu fainali ya taifa, ichezwe hapa hapa kwetu, wakanitumia yule binti.

Alhamisi ile niliuchukua mnyororo nikaupeleka karakanani. Nilisema kama ni kumbukumbu, basi nitaitundika vizuri kuliko wao wanavyoweza. Nikapima ukuta kwa tepu, yadi kumi kamili, nikapigilia msumari huku na msumari kule. Nikaangika pete ya mwisho upande mmoja, nikauvuta hadi upande wa pili. Haukufika. Nikavuta kwa nguvu. Nikadhani nimepima vibaya ukuta, nikapima upya, mara mbili. Nikaweka mkono kati ya mnyororo na msumari. Vidole vinne.

Nilikaa kwenye ndoo. Nilijua pale pale. Msimu mmoja kabla Hadlock hajaja, trekta ya kukatia nyasi iliukanyaga mnyororo ule, na mimi ndiye niliyeutengeneza. Nilikata pete nne zilizopondeka, nikatia mbili kubwa, nikazichomelea, nikazisugua zikang'aa. Sikupima. Nilitazama kwa jicho nikaona sawa, maana mji huu wote unaliamini jicho la Leland Vondra, na wa kwanza kuliamini ni mimi mwenyewe. Na refa anayetakiwa kuukagua kabla ya kila mechi? Refa alikuwa ananipa mkono, ananiuliza habari za goti langu, ananywa kahawa yangu ya chupa.

Kwa miaka yote mitatu ya Hadlock, basi, yadi kumi za Tiller hazikuwa kumi. Utasema timu zote mbili zilipimwa kwa mnyororo ule ule. Ndiyo. Lakini wenzetu walikuwa wanaupiga mpira jaribio la nne. Waliokuwa wakipigania vidole vinne kila Jumamosi tulikuwa sisi.

Mke wangu Bernadine aliposikia hakuzunguka. Aliniambia niende kwa kocha siku hiyo hiyo, nimwambie, ili Jumamosi ajue anachezea yadi kumi za kweli na si zile alizozizoea. Na mimi nikamjibu nini? Nilimjibu kwamba waliniambia hawanihitaji, basi wasinihitaji. Waache watu wao wa sare wawapimie. Nilisema hivyo na nikaona raha kulisema. Nataka ujue hilo, maana hapa ninamkasirikia kila mtu, na sitaki uniache nje ya hesabu.

Jumamosi nilikaa jukwaani kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Pembeni ya uwanja walisimama vijana wanne wenye makoti meusi na mnyororo mpya unaometameta, wanachezea simu zao. Milo alikaa karibu nami akiwatukana kwa sauti ya chini. Yeye sikumwambia kitu.

Zilibaki dakika sita, tuko nyuma kwa pointi nne, mpira uko upande wetu wa uwanja. Jaribio la nne, yadi moja. Nchi nzima inatazama na nchi nzima inajua Hadlock hapigi. Denny akapewa mpira. Akaingia. Nilimwona kabisa, miguu yake ilikuwa inasukuma, watu watatu wamemshika kiunoni na bado anasukuma, hadi akazikwa. Makoti meusi wakaja na mnyororo. Wakaukaza. Refa akachuchumaa, akasimama, akaonyesha kwa mikono upungufu. Vidole vitatu.

Kwa mnyororo wangu angefika na kidole kikabaki. Nilikuwa mtu pekee jukwaani aliyelijua hilo, nikabaki nimekaa wakati kila mtu amesimama.

Wapinzani wakauchukua mpira pale pale, na mechi ikaisha hivyo. Kufungwa tunakujua, tumefungwa sana. Lililonichemsha damu ni lililofuata. Televisheni ilirudia tukio lile mara mia, na bwana mmoja mwenye tai akachora duara kwenye kioo kuonyesha Denny aliposimamisha miguu. Hakusimamisha! Lakini mji ukameza. Watu waliokuwa wakimnunulia chakula tangu Agosti wakaanza kumwita Inchi. Mtu aliweka rula mlangoni kwao. Jumatano, kwa Dolores, mwuza magari mmoja alisema kijana aliogopa kamera, na wenzake wakacheka, na Milo, baba yake mzazi, alikuwapo. Nilingoja ampige ngumi. Badala yake akasema enzi zake mtu alikuwa hasimamishi miguu mpaka asikie filimbi. Baba yake! Nilisukuma kikombe changu nikaondoka, na bado sikusema kitu. Jioni hiyo Bernadine alisikia kanisani kwamba Denny amepakia nguo zake, anaacha chuo akiwa amebakiza miezi mitano, anakwenda Dakota kwenye visima vya mafuta ambako hakuna anayemjua.

Alhamisi nikautia mnyororo ndani ya gunia nikaenda kwa Hadlock. Ofisi yake ilikuwa imejaa maboksi. Chuo kikubwa cha kusini kimemwita, na alikuwa anakunja mashati. Nilimwaga mnyororo juu ya meza yake nikamwambia kila kitu, trekta, pete, msumari, na jinsi nilivyonyamaza kwa hasira ya kijinga. Nilitegemea atanifukuza. Nilitaka anifukuze.

Alikunja shati jingine.

"Mzee Leland," akasema, "mimi niliupima wiki ile ya kwanza."

Nikamwambia arudie.

"Nilikuja na tepu. Nilitaka kujua kila kitu cha uwanja ule, hata kona ipi inashika maji. Nikakuta umepungua. Kukagua ni kazi ya refa, mzee, si yangu. Kwa hiyo nikakaa nikafikiri, timu gani ingefaidi mnyororo kama huu? Timu isiyopiga kamwe."

Maneno hayo aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza alivyorekebisha paa. Hapo nikaelewa kwa nini ugenini alikuwa anapiga, na kwamba kelele hazikuhusika kabisa. Nikamwuliza, na Jumamosi? Ulijua mnyororo ni mpya. Kwa nini ukamtuma?

"Ningepiga mbele ya nchi nzima? Wangeniuliza kwa nini leo. Ungewajibu wewe?"

"Na Denny?"

"Denny ni kijana. Atasahau."

Sijampiga mtu tangu nilipokuwa jeshini, na sikumpiga yeye, lakini nilikunja ngumi hadi kucha zikaniingia. Nilimwambia yeye ni mshenzi. Nikamwambia kijana yule angebeba lori kichwani kama wewe ungemwambia, na wewe umemtuma akagonge ukuta ili suti yako mpya isichafuke. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia mnyororo ameuona niliuchomelea vizuri, kisha akachukua simu yake. Nikaurudisha gunini nikatoka.

Ijumaa asubuhi nilimfuata Denny nyumbani. Nilimkuta anafunga turubai nyuma ya pikapu. Nikamwambia kabla hajakwenda Dakota anisaidie kazi moja ya nusu saa, kwa heshima ya mabomba yote tuliyobeba pamoja. Alikubali kwa sababu hajajifunza kukataa. Nilipoegesha mbele ya mkahawa wa Dolores alitaka kushuka akimbie, nikamwambia kaa, halafu nikaingia ndani nikawatoa watu wote nje kwenye baridi, vikombe mkononi, Milo akiwa wa kwanza kuuliza nina wazimu gani.

Sikutoa hotuba. Nilimpa Denny ncha moja ya mnyororo, Milo nikampa nyingine, nikawaambia wakaze. Tepu nikampa yule mwuza magari mwenyewe, nikataka apime yeye, kwa sauti. Alipima. Akapima tena. Akasoma namba, na hakuna aliyecheka.

Nikawaambia ni mimi. Nikaeleza trekta na zile pete. Nikasema Hadlock alijua tangu wiki ya kwanza na alimtuma kijana huyu akijua, na mimi nami nilijua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita nikanyamaza kwa sababu sikupewa sare. Nikasema Denny hakusimamisha miguu. Alikimbia Jumamosi kama alivyokimbia siku zote, yadi ndiyo iliyobadilika. Nikamgeukia mwuza magari nikamwambia akitamka tena Inchi nitamfunga mnyororo huu shingoni.

Milo aliweka ncha yake chini polepole. Alisema maneno mengi kwangu siku hiyo, na mengi nilistahili. Alisema nimewafanya wezi bila wao kujua. Alisema bora ningenyamaza milele, maana miaka mitatu ya mji mzima sasa ni kichekesho kipya, na waandishi watarudi. Wengine waliitikia. Nilimjibu kwamba wiki hii mwanawe ndiye aliyekuwa kichekesho, na yeye alichangia. Tukabaki tunahemeana usoni, wazee wawili.

Denny alikuwa bado ameshika ncha yake. Hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama mlango wa mkahawa, ule mwimo, na alama za kisu zilizopanda kutoka kitasani hadi juu ya kichwa cha mtu.

"Mzee Leland," akasema, "zipi ni zangu?"

Nilisikia, ila sikutaka kuelewa. Akanyoosha mkono kule mlangoni.

"Zile arobaini na moja. Nilifika zipi kweli?"

Misimu yote ile mitatu nilikuwa uwanjani na fimbo yangu. Nilikuwapo kwa kila moja. Ningeweza kumtajia hali ya hewa, mpinzani, na kiatu kipi alipoteza. Nilimtazama nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa taratibu kuonyesha ameelewa, akauachia mnyororo ukaanguka kwenye barafu, akatembea kwa miguu kurudi kwao. Jumatatu alikuwa Dakota.

Hadlock sasa yuko kusini, na nasikia anashinda. Chuo kilitoa taarifa kwamba hakikuwa na habari. Dolores hajapaka rangi mwimo ule, na Milo haongei nami, yeye asiyeweza kunyamaza dakika tano. Kahawa bado nakunywa pale pale, sijamwogopa mtu. Ila mlango wa mbele siutumii. Napitia jikoni.